Mkono wa Upande wa Ukuta

Mwanangu alikuwa na miezi mitano tulipohamia Malaba, kwenye chumba kimoja karibu na mahali malori yanapopanga foleni yakisubiri kuvuka kwenda Uganda. Mvua ikinyesha, maji hutuama kwenye nyayo za magurudumu, na mbu huzaliana humo. Nilimtundikia neti, nikaichomeka vizuri chini ya godoro, nikajiona mama kamili.

Asubuhi ya tatu nikakuta mkono wake umejaa vipele vyekundu. Alikuwa akivikwaruza bila kulia, kwa vidole ambavyo bado havijui vinakotaka kwenda, na kimoja kilishaanza kutoa damu. Niliogopa kidonda, na zaidi niliogopa malaria. Nikatoka naye nje, mkononi nimeshika kikopo cha dawa ya kuchua.

Mama mwenye nyumba, mjane wa Kiteso, alikuwa mlangoni akichambua mboga.

"Boss, hiyo unampaka nani?"

"Mtoto, mama. Ameumwa na mbu."

"Kwani ameendesha trela kutoka Mombasa? Hiyo ni ya migongo ya madereva. Akijipangusa macho nayo, utalia wewe."

Nikakifunga kikopo. Alinawa mikono, akamgusa mtoto shingoni na tumboni. Hakuwa na joto. Akaniambia niuoshe mkono kwa maji na sabuni, kisha niufunike kwa kitambaa safi kilicholowa maji baridi. Kucha nilizikata akinyonya. Usingizi ukamchukua.

Mama mwenye nyumba akauinua mkono mmoja wa mtoto, kisha wa pili. "Mbona huu hauna kitu?"

Sikuwa nimeona. Vipele vyote vilikuwa mkono wa kushoto, ule wa upande wa ukuta. Tukaingia chumbani kutazama. Pale alipolala usiku, ukuta uliisukuma neti ikamgusa mkono kabisa; mbu walimuuma wakiwa nje, kupitia matundu, kwa raha zao.

"Neti ni nzuri," akasema. "Lakini umewapa chakula dirishani."

Tukaitanua neti kwa kamba, tukaweka kitanda chake mbali na ukuta.

"Akipata joto, usiningoje mimi. Hospitali moja kwa moja."

Kwa karibu wiki mbili nilimgusa shingo kila nilipopita. Joto halikuja. Vipele vikakauka, vikabaki madoa, madoa yakafifia. Siku moja nikimwogesha niliutafuta mkono ule ulioumwa, nikashindwa kuutambua.