Nira Juu ya Kitanda

Mwaka juzi bodaboda niliyopanda iliteleza kwenye changarawe, barabara ya kwenda Dutwa, nikavunjika paja la kulia. Hospitali walinifunga hogo, ile plasta ngumu, kuanzia kiunoni hadi kwenye vidole vya mguu, kisha wakanirudisha nyumbani Bariadi nikalale chali wiki kumi.

Mimi ni mwalimu wa sayansi wa shule ya msingi, mzaliwa wa Tanga, huku nililetwa na ajira. Kila mwaka huandika ubaoni sifa za mvumbuzi: udadisi, uvumilivu, ubunifu. Wanafunzi wananakili, nasahihisha, basi. Mvumbuzi mwenyewe sikuwahi kumwona.

Mume wangu alikuwa akishinda Lamadi kwenye biashara ya samaki, hivyo mama yake akaja kutoka kijijini kuniuguza. Tulikuwa hatujazoeana. Kisukuma changu kiliishia kwenye salamu.

Chumba hakikuwa na dari. Kuanzia saa nne bati lilishusha joto, nami nilibaki nikihesabu misumari ya kenchi, zile mbao zinazobeba paa. Kujigeuza siwezi. Nikitaka haja, nimwite mama mkwe aniinue, aniwekee beseni, asubiri. Nikaacha kunywa maji.

Siku ya tatu akaiona glasi imejaa.

"Mayu, mbona hunywi?" Ndivyo alivyoniita, yaani mama kwa Kisukuma.

"Sina kiu, mama."

"Midomo imepasuka hiyo. Sema kweli."

Nikaanza kulia. "Naona aibu, mama. Kukuita kwa jambo lile."

Hakunibembeleza. Alikitazama kitanda, akaitazama kenchi, akatoka.

Alirudi na kamba ya manila, akaining'iniza juu. Nilivuta mpaka viganja vikachubuka, kiuno hakikunyanyuka. Kesho yake akaleta mpira wa ndani wa baiskeli. Nilipouvuta ukarefuka, nikarudi chini kwa kishindo, maumivu yakanipanda hadi kichwani. Yeye akacheka.

"Niache, mama!" nikafoka. "Mimi si ng'ombe wa kufungwafungwa kamba."

Akaufungua ule mpira, akatoka. Nilidhani nimemkomesha.

Asubuhi iliyofuata, baada ya chai, alitandika mkeka kando ya kitanda changu, akaufunga mguu wake wa kulia kwenye ubao kwa khanga mbili, akalala chali.

"Usiniongeleshe," akasema.

Alikaa hivyo mpaka adhuhuri, mwanamke wa miaka sitini na kitu. Alijaribu kugeuka, akaguna, akapumzika, akajaribu tena. Inzi walimtua usoni. Mara moja nilimwona akifumba macho kwa hasira, nikajua amefika pale nilipokuwa mimi.

Hatimaye akafungua khanga. "Nilikosea. Kamba niliifunga juu ya magoti yako, inatakiwa juu ya kifua. Na mikono isibanane, ikae mbalimbali."

Jumamosi mume wangu alitumwa kijijini kuchukua nira kuukuu, ule mti wanaovishwa maksai shingoni wakati wa kulima. Mama akaikata kwa msumeno, akabakiza kipande cha urefu wa mkono, akakikwangua kwa kigae cha chupa mpaka kikalainika. Akakining'iniza kwa kamba mbili, kisha akajitundika yeye kwanza kuona kama kenchi itahimili.

Nilishika, nikavuta. Kiuno kikaachana na godoro.

"Naomba beseni, mama. Halafu toka nje."

Alisimama nyuma ya mlango. "Tayari?"

"Bado, mama."

"Tayari?"

"Mama, bado!"

Nilikuwa nacheka na jasho linanitoka.

Wiki nane zilikuwa bado. Joto ni lile lile, na mlango niliuona tu kwa mbali. Zipo siku niliichukia hata ile nira, kwa kuwa iliniinua shibiri moja tu na kunirudisha pale pale.

Hogo lilipotolewa, mama alikwisharudi kijijini kupalilia pamba. Nilimpigia simu.

"Goti linakunjika?"

"Kidogo tu, mama. Linagoma."

Nikasikia akiweka jembe chini.

"Nieleze vizuri. Linagoma likifika wapi?"