Mwenye Nyumba Yuko Wapi

Mtu wa kwanza kuja kupima madirisha yangu aliniuliza mwenye nyumba yuko wapi. Nilikuwa nimesimama mlangoni kwangu, Mikindani, saa tatu asubuhi, bado nimevaa sare za hospitali na viatu nimevishika mkononi. Nikamwambia mwenye nyumba ni mimi. Akatabasamu kama mtu aliyechekeshwa na mtoto, akatupa macho sebuleni, kisha akasema si neno, atapita tena jioni mzee akiwapo. Nikamwambia hapa hakuna mzee. Akasema basi nimpe namba yake ya simu.

Sikumpa namba ya mtu. Nilifunga mlango nikaenda kitandani, na usingizi haukuja.

Mimi ni muuguzi. Kwa miaka mingi nimependa zamu ya usiku, kwa sababu wodi hutulia na mtu anaweza kumsikia mgonjwa akiongea. Nyumba niliijenga mwenyewe, chumba kimoja kimoja, na nilipohamia, ng'ambo ya ua wangu palikuwa na shamba la mihogo. Barabara kuu ya Nairobi ilisikika kwa mbali tu. Kisha shamba likageuka yadi ya makontena. Tangu asubuhi malori yanaingia, yanarudi nyuma huku yakilia, breki zinapiga chafya, na kontena likiwekwa chini vikombe vinatikisika kabatini. Saa hizo ndizo zangu za kulala. Nilijaribu pamba masikioni, nikajaribu mapazia mazito. Nilifika hadi ya kutandika godoro kwenye ujia wa kwendea chooni, kwa sababu ndipo mahali pekee pasipo na dirisha.

Kilichonitisha ni asubuhi moja karibu na kukabidhi zamu. Nilikuwa na sindano mkononi, nimemwinamia mgonjwa, mwenzangu akanishika kifundo cha mkono, akaninong'oneza, "Siye huyu. Ni wa kitanda cha pili." Hakumwambia mtu. Mimi nilitoka nikaketi kwenye ngazi.

Wiki hiyo hiyo daktari mmoja alinieleza habari za madirisha ya vioo viwili: kioo kimoja nje, kingine ndani, katikati hewa iliyofungiwa, na fremu inayobana kwa mpira. Wenzetu wa nchi za baridi huyaweka kwa ajili ya baridi, alisema, lakini na kelele nazo huzuia. Nikaamua chumba changu cha kulala kipate hayo, madirisha yote mawili. Sikutaka zaidi.

Ndipo alipokuja yule bwana wa kutafuta mzee. Na baada yake nikafanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka najikasirikia kuliko ninavyomkasirikia yeye. Nilimpigia kakangu mkubwa. Nilifikiri, haya, kama wanataka mwanamume wa kuzungumza naye, nitawawekea mmoja kwenye kiti, mambo yangu yaende.

Kakangu ni karani katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Tangu baba yetu afariki amejitwika ubaba wa ukoo mzima, na watu humwitikia. Alikuja amepiga pasi. Mtu wa kampuni ya pili naye alikuja amepiga pasi, na kitabu cha picha za majumba. Wakasalimiana, wakaulizana kwao wapi, wakagundua wanamjua mtu mmoja wa Changamwe, wakacheka. Mimi nilikwenda kuchemsha chai. Hakuna aliyenituma. Nilijikuta tu nimeshika sinia kwangu mwenyewe, nawapelekea.

Niliuliza kama dirisha la kufunguka kwa nje linabana kelele kuliko lile la kusukuma kando. Yule mtu alimgeukia kakangu akamjibu yeye, kwa urefu, kwamba siku hizi watu wa maana wanaweka ya kusukuma. Nikauliza kioo kina unene gani. Akamjibu kakangu tena. Na kakangu alikuwa akitikisa kichwa kama mtu aliyeishi humo ndani. "Sisi tungependa sebuleni kwanza," alisema. "Ndiko wageni wanakofikia." Nikasema mimi nataka chumbani, ninakolala. Akanipigapiga mkono, akasema tutaona. Wakapima sebule.

Walipoondoka nilimwambia kakangu wazi kwamba sijachagua kampuni hiyo, na kwamba sebule haimo. Akaniambia nimechoka, nikalale.

Siku nane baadaye nilirudi kutoka kazini, nikaoga, nikajilaza. Nilikuwa ndiyo kwanza nasinzia niliposikia nyundo. Nilidhani ni yadi. Kisha nikasikia kioo kikianguka, na hakikuangukia yadi, kiliangukia sebuleni kwangu.

Niliwakuta mafundi watatu. Kumbe walikuwa wamepiga hodi kimyakimya, wakaona geti limerudishwa tu, wakaingia uani na kuanza kazi kwa nje, kwa sababu walivyoambiwa, mwenyewe amekubali. Dirisha moja la sebule lilikwisha ng'olewa, vyuma vimeegemezwa ukutani, vumbi limelala kwenye makochi. Kwenye ukuta wangu palikuwa na shimo, na kupitia shimo hilo nililiona lori likirudi nyuma, dereva ananitazama nimejifunga kanga tu.

Mkubwa wao alikuwa mtu mzima, mstaarabu. Aliweka nyundo chini aliponiona uso. Nilimwuliza nani amewatuma, akanitolea karatasi. Chini kabisa, palipoandikwa mwenye nyumba, palikuwa na sahihi ya kakangu. Naijua sahihi ile. Alikuwa akinitilia kwenye ripoti zangu za shule baba asipokuwapo.

Nilimpigia nikamwambia aje. Sikumweleza sababu, na hakuuliza, jambo lililonionyesha kwamba aliijua. Mafundi walikaa barazani wakisubiri, hawajui wasimame au waondoke. Niliwapa maji. Hawakunikosea wao.

Alipofika alianza na wao, akawauliza kwa nini wamesimama. Nikamwambia wamesimama kwa sababu nimewasimamisha.

"Nilikuwa nakusaidia," alisema. "Mwanamke peke yake na nyumba, hawa watu wa makampuni watakuonea."

"Aliyenionea ni nani, kaka? Nitajie mmoja aliyeng'oa dirisha langu nikiwa nimelala."

Akapunguza sauti, akanivuta pembeni, akasema nisimwaibishe mbele ya mafundi. Na kwa kuwa sikupunguza yangu, akasema neno ambalo nilikuwa nalisubiri tangu nijenge bila kujua kwamba nalisubiri. Alisema kiwanja chenyewe nilikipata kwa sababu yake, yeye ndiye aliyenisindikiza siku ya kukiona, kwa hivyo na yeye ana kauli.

Alinisindikiza, ni kweli. Jua lilikuwa kali, akakaa chini ya kivuli cha duka akinywa soda, mimi nikauzunguka mpaka wa kiwanja na muuzaji. Miaka yote niliyochimba msingi, niliyobeba maji ya zege, niliyolala kwenye chumba kisicho na sakafu, hakuja hata kuuliza kama nimekula. Nilimwambia hayo yote pale pale barazani, kwa sauti ya kawaida, moja baada ya jingine. Mkubwa wa mafundi aliinamisha kichwa akawa anachunguza kucha zake. Kisha nikamwomba mzee huyo anirudishie dirisha langu la zamani, naye akafanya hivyo, na palipovunjika kioo akapaziba kwa mbao. Kakangu aliondoka kazi ikiendelea. Hakuaga.

Kesho yake, badala ya kulala, nilikwenda ofisini kwa kampuni ile. Meneja alinipokea vizuri, akaniagizia kiti. Nilipomweleza kwamba navunja mapatano, akaniambia kwa upole kwamba aliyetia sahihi ni mzee, kwa hivyo mzee ndiye anayepaswa kuja kuvunja. Nikamwekea mezani nakala ya hati ya kiwanja. Nikamwomba asome jina. Akasoma. Nikamwomba asome tena, kwa sauti.

"Mama, usikasirike," alisema.

"Nimekasirika. Andika kwamba mapatano yamevunjwa, na kwamba dirisha mliling'oa bila idhini yangu, na kwamba mtanirudishia kioo."

Nilikaa pale mpaka barua ikatoka kwenye mashine, nikaisoma, nikasahihisha mahali walipoandika "kutoelewana kwa kifamilia". Haikuwa kutoelewana. Walimwelewa vizuri sana mtu asiyehusika.

Yule muuguzi mwenzangu aliyenishika mkono wodini ndiye aliyenipeleka Likoni, kwa mama mmoja anayesali msikitini pamoja na mama yake huyo mwenzangu. Ni bibi mtu mzima, mwalimu mstaafu, mjane, nyumba yake imepakana ukuta na ukumbi wa harusi. Nilibisha hodi, nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akanitazama usoni na kusema, "Wewe hujalala, mwanangu." Nilitaka kulia kwa jinsi alivyolisema bila kunionea huruma.

Hakunionyesha karatasi wala picha. Alinipeleka chumbani kwake akanisimamisha katikati. Ukumbini walikuwa wakijaribu vipaza sauti kwa ajili ya jioni, ngoma zinanipiga kifuani. Akafunga dirisha, akazungusha kishikio. Ngoma hazikuisha, nisiseme uongo, lakini zilikwenda mbali, kama zinapigwa mtaa wa tatu. Nikasikia saa yake ya ukutani.

Kisha akaninyooshea kidole juu. Kila nyumba ya pwani ina matundu ya hewa juu ya dirisha, na mimi niliyeishi chini ya matundu hayo maisha yangu yote sikuwahi kuyafikiria. Yake yalikuwa yamezibwa.

"Kelele haiingii kwa kioo peke yake," alisema. "Mimi walinifungia vioo, nikalipa, nikalala, ngoma zile zile. Ndipo nikajua. Sasa sikiliza. Wakija kwako, usiwatajie matundu. Nyamaza uone nani atainua kichwa."

Nilirudi nikaita kampuni nyingine mbili, na safari hii nilikuwa peke yangu. Fundi wa kwanza alipima upana na urefu wa fremu, akaniahidi kimya kama cha kaburini, hakuinua kichwa hata mara moja. Nikamshukuru, nikamsindikiza mpaka getini.

Wa pili alitoka karakana moja ndogo ya upande wa Bombolulu. Kabla hajatoa tepu alisimama mlangoni mwa chumba akasikiliza lori likiteremsha. Akatazama dirisha, akatazama juu.

"Haya matundu utayafanyaje?" aliniuliza. "Ukiyaacha, vioo viwili ni mapambo tu. Ukiyaziba, utaiva kwa joto humu. Feni haitatosha. Fikiria kwanza, mimi nitangoja."

Akanieleza pia kwamba dirisha la kusukuma kando huacha upenyo kwa hivyo hatanitengenezea hilo hata nikilitaka, na kwamba vioo vikifungiwa vibaya ukungu huingia katikati, ukishaingia hauna dawa ila kubadilisha. Alizungumza nami. Maswali yangu aliyajibu kwangu. Nilikwisha kumchagua moyoni aliposimama langoni, akakuna shingo, akasema, "Basi utanipigia. Ila uzungumze kwanza na mzee, asije akakataa."

Nilimtazama mpaka akaanza kuomba radhi bila kujua kosa. Nikafikiria kumfukuza, wallahi. Lakini alikuwa ndiye pekee aliyeinua kichwa, na mimi nilihitaji usingizi kuliko nilivyohitaji kushinda. Nikamwambia sina mzee, na akiuliza tena nitatafuta mwingine. Hakuuliza tena. Alifunga madirisha mawili ya kufunguka nje, akaziba matundu, na mashine ya kupoza hewa akaiweka ukutani kando ya dirisha.

Malori bado nayasikia. Yamekuwa kama mtu anayeburuta kiti ghorofa ya juu. Siku ya kwanza nililala tangu saa nne asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, nikaamka nimelowa mate shavuni kama mtoto.

Miezi miwili baadaye tulikutana na kakangu kwenye matanga ya mjomba wetu huko Kaloleni. Alikuwa ameketi na wazee, na nikipita na sufuria ya wali nikamsikia akiwaambia kwamba kwa dadake tumeweka vioo vya kisasa, havipitishi sauti. Tumeweka. Nikaweka sufuria chini. Nikawaambia wazee, kwa heshima zote, kwamba madirisha yangu niliyachagua mimi, na kwamba aliyoyachagua yeye niliyakataa. Shangazi mmoja akasema niachwe, kazi za usiku zinamchosha mtu. Siku hiyo sikuwa na uchovu wowote.

Wifi yangu, mkewe, alikuja kunitembelea baadaye, peke yake. Nilimpeleka chumbani akakaa kwenye ukingo wa kitanda, mikono mapajani. Akaniambia nimsamehe mumewe.

"Amesema hivyo mwenyewe?"

"La," alisema. "Ninasema mimi."

Nikamwambia siku kaka atakaposema mwenyewe, nitasikia. Wifi alivua viatu, akaniuliza kama anaweza kujinyoosha kidogo kabla ya kurudi kwake, nami nikamfungia dirisha.