Kilio cha Nyumbani kwa Ndaya

Kama uliishi Kolwezi miaka ile na hukumjua Mama Tshibola, basi ujue tu kwamba kwenu hakuwahi kufa mtu. Msiba wa mtaa ule haukuanza mpaka yeye afike. Familia ikifiwa, kabla hata ya kumwambia padri, kabla ya kutafuta mbao za jeneza, mtu alitumwa mbio kwake. Naye alikuja na sufuria yake kubwa kichwani, kitambaa cheusi kimefungwa barabara, akaanza kuamrisha. Tawi la mti liwekwe barabarani, ili magari yapunguze mwendo na wapita njia wajue pana kilio. Wanaume wakoke moto wao uani. Wanawake wakae chini kwenye mikeka, na mjane asiachwe peke yake hata akienda chooni. Yote yakishakaa sawa ndipo alipofungua kinywa, na sauti ile ukiisikia, hata kama marehemu mlikuwa mmegombana juzi, machozi yalikutoka bila kukuomba ruhusa.

Watu walimtania. Wakimwona asubuhi kajifunga kitambaa walimwuliza, "Mama Tshibola, leo ni wapi?" kama wengine wanavyoulizana habari za harusi. Yeye alicheka na kwenda zake. Alizaliwa Kolwezi, kwenye nyumba za wafanyakazi, baada ya baba yake kuja kuchimba shaba akitokea jimbo la Kasai. Kasai yenyewe hakuwahi kuitia machoni. Alibatizwa Kolwezi, akaolewa Kolwezi na Mulumba, karani wa karakana, na wazazi wake wote wawili alikuwa amewazika Kolwezi. Watoto Mungu hakumpa. Kwa hilo alilia peke yake, bila tawi barabarani, na aliyejua ni Ndaya tu.

Ndaya alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta. Watu wake walitoka kaskazini mwa Katanga, jimbo hilohilo la Kolwezi, lakini hayo hakuna aliyekuwa akiyapima wakati huo. Bomba la maji lilikuwa moja, kinu kimoja, na mbabula, jiko la mkaa, ikiwaka kwa mmoja, sufuria ya mwingine nayo ilipata zamu. Waligombana kila wiki, mara kwa ajili ya kuku, mara kwa ajili ya maneno ya sokoni, wakapatana kabla ya misa ya Jumapili kwa sababu walikaa benchi moja na Tshibola hakuweza kuimba vizuri akiwa amenuna.

Halafu shaba ikaanguka. Mashimo yakasimama, mishahara ikawa hadithi, na watu wenye njaa wakatafutiwa mtu wa kumchukia. Wakaambiwa Wakasai ndio waliokula nchi. Tshibola, aliyekula ugali wa bukari na mboga ya sombe ileile waliyokula wote, akaambiwa ni mgeni na arudi kwao. Vijana wenye marungu walipita nyumba kwa nyumba wakiwaita bilulu, wadudu. Mtu anayeweza kumwita hivyo mama aliyemfunga macho bibi yake siku ya kufa kwake, huyo asisamehewe haraka.

Ndivyo Tshibola na Mulumba walivyojikuta kwenye uwanja wa kituo cha treni, pamoja na maelfu ya wenzao, chini ya mahema ya magunia na mabati ya kuokota, wakingoja treni ya kuwapeleka Kasai. Mvua iliwanyeshea. Watoto waliharisha na kufa, na hata hapo Tshibola hakukosa kazi. Alikwenda hema kwa hema, akakaa kwenye tope na mama wa mtoto, akalia naye mpaka mwisho.

Lakini kilichomla moyo hakikuwa mvua wala njaa. Ndaya hakuja. Kutoka mtaani mpaka kituoni si safari ya kubebea chakula cha njiani, na siku zilikwenda, na Ndaya hakuja, hakutuma mtu, hakutuma hata salamu.

"Anaogopa," Mulumba alisema.

"Na mi? Ile wakati ya choléra, njo mi nilimunawisha mutoto wake. Mi niliogopa?"

Tshibola akageuzia uso kwenye reli. Aliumia. Kufukuzwa na vijana asiowajua aliweza kuvumilia, lakini kuondoka bila neno la Ndaya, hilo lilimshinda.

Mchana mmoja akaja Hawa, mwanamke wa Kiislamu ambaye mume wake alikuwa na lori. Asili yao ilikuwa mashariki kabisa, kwa hiyo vijana walimwacha apite, naye aliwauzia watu wa kituoni mikate. Aliinama karibu na sikio la Tshibola.

"Mama, kwa rafiki yako Ndaya kuko kilio. Nimeona tawi mu njia. Bamama bamejaa pale chini, banalia."

Tshibola alisimama. Hakuhitaji kuuliza ni nani. Mama Kabemba, mama mzazi wa Ndaya, alikuwa mzee wa kifua kibovu, na msimu wa mvua ulikuwa umemchukua. Tshibola alianza kufunga kitambaa chake kabla hajajua kwamba anakifunga.

"Unaenda wapi?" Mulumba akauliza, ingawa alishaona.

"Ku kilio."

"We! Treni banasema inakuya leo. Na bale batoto bakikukamata?" Mulumba aliinuka, akaushika mkono wake. "Ndaya hakukuya kukuaga, na we unaenda kumulilia?"

"Siendi juu ya Ndaya. Naenda juu ya mama yake."

Ulikuwa uongo mtupu na wote wawili walijua. Mwanamke yule hangeweza kusikia kilio asiende, sawa na wengine wasivyoweza kupita penye ngoma. Lakini zaidi ya hapo, alitaka kumwona Ndaya uso kwa uso, amuulize imekuwaje, na waagane kama watu. Hilo tu ndilo alilokuwa analitaka kwa mji mzima wa Kolwezi. Mulumba akauachia mkono.

"Ukisikia treni inapiga, kimbia," alisema. "Mi siwezi kwenda kule bila weye."

Hawa akavua mtandio wake mpana akamfunika nao. "Bakiuliza, we uko muke wa transporteur wa malori, ndugu yangu."

Basi akapita mjini mchana kweupe. Alipita sokoni, na muuza samaki wa chumvi, aliyemjua tangu wakiwa wasichana, akamtazama, akamtambua, kisha akainama kupanga samaki ambao walikuwa wamepangwa tayari. Alipita ukuta wa parokia. Alipita bomba la maji. Alitaka kuuchukia mji ule, maana ungekuwa mzigo mwepesi wa kuondoka nao, akashindwa. Kila kona ilikuwa na marehemu ambaye yeye alimlilia. Nyumbani kwake, nguo za watu asiowajua zilikuwa zimeanikwa kwenye kamba yake, suruali ya mwanamume na gauni la mtoto. Hakusimama.

Tawi lilikuwepo barabarani. Moto wa wanaume ulikuwa unafuka uani. Mtu akija kwenye kilio haingii kimya, huanzia njiani, ili waliokaa ndani wajue machozi mengine yamefika. Tshibola akasahau mtandio, akasahau vijana, akapaza sauti:

"Mama Kabemba eee! Mama yangu! Unaniacha na nani? Mama Kabemba eee!"

Kilio chote kikanyamaza. Wanawake waligeuka wakamkodolea macho. Na pale ukutani, juu ya kigoda, bibi mmoja wa umbo dogo aliyekuwa anatafuna kipande cha muhogo aliacha kutafuna.

"Mi sijakufa," alisema Mama Kabemba, na alionekana amekasirika kidogo.

Ndaya alikuwa ameshainuka. Alimshika Tshibola, akamvuta chini kwenye mkeka katikati ya wanawake, akamfunika mtandio mpaka usoni. Hapo ndipo Tshibola alipoona kichwa chake. Kilikuwa kimenyolewa chote, kama wanyoavyo waliofiwa na mtu wa damu.

"Ndaya, nani alikufa?"

"Nyamaza. Kaa chini."

"Nani?"

Ndaya akainama sikioni mwake. "Ni weye," alisema.

Akamweleza kwa kunong'ona, wanawake wengine wakilia polepole kuwafunika. Walitaka kwenda kituoni. Elise, wa nyumba ya pili, alikwenda na chungu cha chakula, vijana wakamvunja mkono. Wakatangaza kwamba mama yeyote atakayeonekana na watu wa Kasai atapandishwa naye treni. "Banatukataza kukupatia maji. Banatukataza hata kutaja jina yako. Lakini kilio, nani anaweza kukataza kilio? Njo nilisema, tuweke tawi. Tumulilie pa wazi, na kelele, kama mutu. Siye tuko batu, Tshibola. We mwenyewe njo ulitufundisha."

Tshibola alipaswa kukasirika. Kumwekea matanga mtu aliye hai ni mkosi, na hakuna aliyelijua hilo kuliko yeye. Alifungua kinywa kuwagombeza. Akaona wale wanawake mmoja mmoja, kitambaa kwa kitambaa, wote aliowahi kukaa nao chini, na sufuria yake kubwa iliyookolewa sijui vipi, imejaa chai ya waombolezaji. Siku zote zile kituoni alikuwa amemhukumu Ndaya, na Ndaya alikuwa hapa ananyoa nywele.

"Tawi mumeweka vibaya," akasema. "Liko karibu sana na mulango."

Ndaya akacheka, kicheko kikageuka kilio kabla hakijatoka chote. Walishikana mikono. Tshibola akaanza, "Ndaya, nilikuya juu nikuambie..."

Hakumaliza. Vijana watatu walikuwa wameingia uani na marungu yao.

Ndaya akamwinamisha kichwa mapajani mwake. Wanawake wakapaza sauti wote kwa pamoja. Mkubwa wa wale vijana akasimama mbele ya mkeka.

"Nani alikufa hapa?"

"Dada yangu," akajibu Ndaya.

"Maiti iko wapi?"

"Alikufia mbali. Hatukumuona."

Kijana akamtazama, akatazama kichwa kilichonyolewa. Polepole akavua kofia. Alikuwa amelelewa na mtu, yule, mahali fulani ndani yake palikuwa bado panakumbuka. "Pole, mama," akasema. Kisha, badala ya kwenda, alifanya kama mila inavyotaka mwanamume afanye akikuta msiba. Akaweka rungu chini, na wenzake wakaweka, wakaenda kukaa kwenye moto.

Ikawa basi. Hakuna neno tena lililowezekana. Na sauti yenyewe haikuwezekana, maana hapakuwa na kijana mtaani ambaye hakuijua sauti ya Mama Tshibola. Aliyelilia wafu wa mtaa wote alikaa kwenye kilio chake mwenyewe mdomo umezibwa na kanga ya rafiki yake. Alilia hivyo hivyo, bila sauti, mwili mzima ukimtetemeka, na Ndaya alihisi mtetemeko ule kwenye magoti yake akazidi kupiga mayowe kwa niaba yake. "Dada eee! Nani atakuja kuniamsha? Nani atanigombeza? Dada eee!" Hakuna aliyeigiza pale. Walikuwa wanamlilia kweli, na yeye aliyekuwa hai alijua kwamba walikuwa sahihi.

Treni ikapiga honi.

Ilikuwa mbali, lakini wote waliisikia. Tshibola akainua kichwa kidogo. Macho yao yakakutana chini ya mtandio, karibu kabisa, na kila mmoja akaona maneno yote yamejaa kwa mwenzake. Pale motoni vijana walikuwa wamegeukia upande wao.

Mtu akitoka kwenye kilio haagi. Hakuna kusema kwaheri, hakuna kupeana mkono, kwa sababu hakuna anayetaka kuukaribisha msiba mwingine. Unainuka, unajikung'uta, unaondoka. Tshibola alikuwa ameifundisha mila hiyo kwa wasichana wengi wa mtaa, na akiwaona wanaaga aliwakaripia. Sasa akainuka. Akajikung'uta. Mkono wa Ndaya ulikuwa bado umeshika pindo la kitenge chake, na kwa muda Tshibola alisimama tu, ameshikwa. Kisha vidole vikaachia, kimoja baada ya kingine, na Ndaya akaendelea kulia bila kuinua uso. Tshibola akapita mbele ya wale vijana, uso ndani ya mtandio. Mmoja akamwambia, "Pole, mama," naye akaitika kwa kichwa.

Njiani alikimbia. Mabehewa yalikuwa yamejaa mpaka juu ya paa, watu wakipandishana kwa kamba na kwa nguo. Mulumba alikuwa mlangoni, nusu ndani, nusu nje, akipiga kelele jina lake, akamvuta ndani wakati magurudumu yameshaanza kulia. Walibanwa kati ya godoro na mbuzi wa mtu. Mji ukaanza kurudi nyuma, bohari, mabati, vilima vya udongo wa machimbo. Tshibola alikuwa amejifunika mtandio wa Hawa, ambao sasa hangeweza tena kuurudisha.

Baada ya muda Mulumba akauliza, kwa upole, "Ni nani alikufa? Mama Kabemba?"

"Hapana. Dada ya Ndaya."

Mulumba akamgeukia. Alikuwa ameishi ukuta kwa ukuta na watu wale maisha yake yote ya ndoa.

"Ndaya hana dada."

"Alikuwaka naye," Tshibola akasema.