Siku Simu Yangu Ilipoijua Sabufa ya Mzee Masanja

Nyie chekeni tu, mimi nimeshachekwa na watu wazito kuliko nyie, nimechekwa na mama mkwe akiwa amejifunika kanga usoni, nimechekwa na baba mdogo wangu mwenyewe ambaye ndiye alikuwa mshenga wangu, kwa hiyo aibu imeshaniisha mwilini na nitawasimulia yote, ili mtu akiwaambia Deo nusura akose mke kwa sababu ya gemu, mjue ilikuwaje.

Gemu lenyewe ni lile la kupigana, lililotokana na katuni ya Kijapani, ambalo mpiganaji kabla hajarusha ngumi lazima kwanza apige ukelele kama anang'olewa jino. Sehemu ya pili ilikuwa inakuja, na wenyewe waliolitengeneza walikuwa wanatangaza wapiganaji kidogo kidogo, wiki hii wawili, wiki ijayo mmoja, na mtu wangu alikuwa bado hajatajwa. Mtu wangu ni yule mzee mwenye upara (jina lake la Kijapani hakuna anayeliweza, sisi tunamwita Kipara), yeye ndiye aliyenifanya niogopwe kwenye banda la gemu pale mjini Mpanda, na wenzangu walishaanza kunipa pole kwamba ameachwa. Video ya mwisho ya kutangaza wapiganaji ilikuwa inatoka Jumamosi saa nane mchana. Na Jumamosi hiyohiyo, muda huohuo, nilikuwa napelekwa kwa kina Minza kuposa.

Kwa kina Minza ni Ilembo, kule nyumba zinakoanza kuachana, mashamba yakaanza. Wao ni Wasukuma, baba yake Mzee Masanja ana ng'ombe wa kutosha, na mimi ni Mpimbwe, fundi rangi, ng'ombe wangu wote wako kwenye ahadi za wajomba. Mzee alikuwa ametuma neno mapema: kijana wa kumuoa binti yake haingii kwake mpaka aje na wazee, na akisikia kuna aliyeingia kinyemela, huyo asahau, maana kuna mwenye duka mmoja tayari ameshaleta salamu zake. Baba mdogo akamwapia kwamba mimi hata njia ya kwenda kule siijui.

Sasa hapo ndipo penye kisa, maana ukweli ni kwamba nilikuwa naijua nyumba ile vizuri sana. Kiangazi, Mzee alipopeleka mifugo malishoni kule Mpimbwe, Minza alinikaribisha, mama yake akapika, nikala, tukasikiliza na muziki wa simu yangu. Kwa hiyo siku ya posa nilijitahidi kuwa mgeni, nikauliza choo kiko upande gani, na Minza aliyekuwa anapita na jagi la maji ilibidi ageukie ukutani asicheke.

Tukakaa sebuleni, baba mdogo mbele, mimi kwenye kona, maana muoaji kazi yake siku hiyo ni kunyamaza. Mdogo wake Minza alikuwa anapiga nyimbo kutoka kwenye simu yake kwenda kwenye sabufa, mama akamwambia azime, naye akachukua simu yake akaenda jikoni, ila sabufa akaiacha inawaka taa ya bluu. Mimi sikuitazama mara mbili.

Saa nane ikafika na moyo ukaanza kunidunda, si kwa ajili ya Minza (Mungu anisamehe), kwa ajili ya Kipara. Nikajiambia, Deo, huna la kusema hapa, weka kisikizi kile kisicho na waya kwenye sikio la upande wa ukutani, sikiliza kidogo tu. Nikakiweka, nikawasha bluututhi, nikafungua video, simu nikaibana pajani. Kimya. Nikaongeza sauti, kimya. Nikaongeza mpaka mwisho, kumbe kisikizi kilikuwa kimeisha chaji na video yenyewe ilikuwa bado inavuta mtandao. Na wakati huohuo Mzee Masanja anakohoa, anajiweka sawa kwenye kiti, anataja idadi ya ng'ombe anaowataka.

Sabufa ikapiga ukelele. Jamani, ule haukuwa ukelele wa kawaida, ni Mjapani aliyevuta pumzi tangu asubuhi, vioo vya kabati vikatetemeka, baba mdogo akainuka akiapa kwamba sisi idadi hatujaipinga, kuku wakatoka mbio uani, na mimi natafuta kitufe cha kuzima huku simu imeniteleza chini ya kochi. Mzee akainama taratibu akaiokota yeye. Akaitazama, akaitazama sabufa, akaniuliza kwa upole ulionitisha kuliko ukelele wenyewe:

"Kijana, simu yako imeijuaje redio yangu?"

Baba mdogo (mdomo wake hajawahi kuupumzisha) akadakia kwamba simu za kisasa zinajiunga zenyewe na chochote zinachokikuta, hazina adabu. Mzee akasema vizuri, basi lete na ya kwako tuone. Baba mdogo akaitoa, akawasha kila kitu, tukangoja, sabufa wala haikumjali. Mzee akasema mwalimu jirani huwa anakuja hapa na simu kubwa kuliko hizo, na redio haijawahi kumjua.

Nikaona nikidanganya tena namkosa Minza kabisa, nikapiga magoti. Nikasema nilikuja mara moja, Mzee ulikuwa kule Mpimbwe, kosa ni langu peke yangu, nilikunywa maji nikaondoka. Yule mama nilimwona anashusha pumzi. Lakini Mzee alikuwa ameshaanza kuhesabu miezi kichwani, akamgeukia mkewe.

"Wewe si uliniambia jogoo wangu mwekundu kachukuliwa na mwewe?"

Mama akajifunika kanga. Mabega yanatikisika, mimi nikadhani analia. Mzee akaendelea kwamba alirudi safari akajiuliza sana, ni mwewe gani huyo wa kubeba jogoo mzima mzito vile, tena asiache hata unyoya. Hapo baba mdogo, mshenga wangu, mtetezi wangu, akashindwa, akacheka mpaka akashika ukuta, na Mzee naye kicheko kikamponyoka.

Sikuachiwa bure. Nilitozwa faini ya dume la ng'ombe juu ya mahari, wajomba ilibidi watimize ahadi zao kwa kelele nyingi, na yule mwenye duka akarudishiwa salamu zake. Minza yuko ndani kwangu sasa ananicheka hivyohivyo mnavyonicheka nyie. Kipara yumo, niliambiwa na wenzangu bandani, mimi video ile mpaka leo sijaimaliza. Na nimeapa, ukweni simu naizima nikiwa bado barabarani, hata kama nasubiri habari ya kufufuka kwa babu yangu.

Ila haisaidii kitu. Juzi nimefika salama, nimepiga hodi kwa sauti, simu imezimwa, na Mzee akaitikia kutoka ndani bila hata kuchungulia: "Mama, fungia kuku, Mwewe amekuja."