Mwalimu Sekela na Java ya Ubaoni

Mwalimu Sekela aliwadharau watu wengi, wala hakuficha. Miaka nenda miaka rudi aliandika programu za mishahara katika shirika moja la umma Dar es Salaam, kwa lugha ya kompyuta iitwayo COBOL. Shirika lilipobinafsishwa, wenye mali wapya walikuja na mashine zao na watu wao. Akafunga virago, akarudi kwao Rungwe.

Huko Makandana, Ackson, muuza mbolea, alikuwa amegeuza ghala lake kuwa chuo cha kompyuta. Darasa lilinuka mbolea, na mwenye chuo hakujua hata kuiwasha mashine. Sekela alimdharau tangu siku ya kwanza, lakini kazi aliichukua. Akafundisha COBOL, maana ndiyo aliyoijua.

Ndipo akaletwa Reuben, kijana wa mjini aliyevaa miwani ya jua katikati ya mvua ya Tukuyu. Yeye alifundisha lugha mpya, Java. Kompyuta kuukuu za Ackson hazikuiweza, hivyo akaifundisha ubaoni kwa chaki. Wanafunzi wakamkimbilia hivyo hivyo.

"Mama, COBOL ni ya kuzikwa," alimwambia Sekela mbele ya watu. "Ajira zote siku hizi ni Java."

"Ajira zipi? Wewe unayeijua, mbona uko hapa ghalani na mimi?"

Kwa Sekela alibaki Tupokigwe peke yake, binti wa mkulima wa Kinyala. Hakudekezwa. "Usiandike kitu kabla hujajua unatafuta nini!" mwalimu alimfokea kila alipoharakisha.

Kampuni moja ya Mbeya ikatangaza kazi. Tupokigwe akaenda, na wanafunzi wa Reuben wakaenda. Wakaambiwa waeleze, kwenye karatasi, kompyuta itampataje mkulima aliyeleta majani ya chai mengi kuliko wenzake. Wa Reuben walijaza maneno ya Java waliyoyakariri. Tupokigwe aliandika kwa Kiswahili: shika mzigo wa kwanza, ulinganishe na unaofuata, ubaki na ulio mkubwa, hivyo hivyo hadi mwisho. Kazi akapata yeye.

"Ndaga, mwalimu," alishukuru aliporudi.

Sekela akavimba kichwa. "Kumbe wanatumia COBOL!"

"Hapana, mwalimu."

"Usiniambie Java."

"Wala. Wanatumia Visual Basic. Watanifundisha wenyewe."

Sekela akasonya. Visual Basic, lugha ya wanaoanza! Kisha aibu ikamshika. Alikuwa akiringia jina la lugha kama yule kijana anavyoringia la kwake, na kilichomsaidia binti ni yale makelele ya kujua kwanza anachotafuta. Jioni ile alijidharau mwenyewe, jambo ambalo hakulizoea.

Jumatatu akaingia darasa la Reuben, akakaa benchi la mbele.

"Umekuja kunikagua, mama?"

"Nimekuja kusoma. Fundisha."

Kijana alifundisha vibaya, akatokwa jasho, lakini Sekela hakuondoka. Muhula uliofuata waliunganisha madarasa: yeye akiwafundisha wanafunzi kulichambua tatizo kwa Kiswahili kwanza, Reuben akifuata na lugha yake. Ackson alilalamika kwamba somo la kuchambua halina jina la kuvutia wateja.

"Basi waambie tunauza mbolea," Sekela alimjibu.

Reuben hakumpenda, na yeye hakumpenda Reuben. Walifundisha pamoja hivyo hivyo, kila mmoja akimsahihisha mwenzake bila huruma.