Azimio la Makofi

Kaka yangu alikuwa mbunge kwetu, na kwetu mambo mazito bungeni hupitishwa kwa makofi. Siku ya kumwongezea rais muhula, kaka aliiacha mikono yake mezani. Wakamvua kinga ya kutoshtakiwa, wakamfunga.

Majira ya baridi yaliyopita, huku Eagan, Marekani, nilikuwa namlisha uji bibi mgonjwa, Mmarekani ninayelipwa kumtunza, huku simu ikionyesha mkutano wa mabunge ya nchi zinazozungumza Kifaransa. Spika wetu, huyohuyo aliyemfungisha kaka, alisoma azimio la kuwalinda wabunge wa upinzani. Mshenzi! Ukumbi mzima ukasimama, ukalipitisha kwa makofi.

Bibi hajui Kifaransa hata kidogo. Alitabasamu, naye akaanza kupiga makofi. Nikamkamata mikono yote miwili kwa nguvu, mpaka akaniuliza amekosa nini.