Dungu Tupu

Soko huria lilikuwa limefikisha kamera Kibiti, lakini kompyuta lilikuwa limeziacha Mbagala. Hilo lilimkera Mudathiri, mpiga video wa Kibiti, kuliko yote. Kila alichokipiga, harusi au maulidi, ilibidi akipakie kwenye basi mpaka Mbagala kwa Abdulkarimu, fundi mwenye kompyuta, amgeuzie kutoka kwenye kanda kiwe faili ambalo kompyuta inaweza kulikata na kuliunga.

Safari hii haikuwa harusi. Ilikuwa filamu yake mwenyewe, ya kwanza, na ndani yake Bi Mwanawetu, mkulima wa Mahege mwenye maneno mengi, alitakiwa ayeyuke akiwa ameketi juu ya dungu lake, ulingo wa kulindia mpunga. Mudathiri alikwishatangaza kwa kipaza sauti mbele ya banda la video: Idi hii mtaona mtu akitoweka! Mji mzima ulikuwa ukimsubiri.

Kumtowesha mtu si uchawi. Unampiga picha akiwa amekaa, halafu anashuka, nawe bila kuigusa kamera unapiga dungu peke yake. Kwenye kompyuta unaifunika picha ya kwanza kwa ile ya pili, mtu hayupo. Mudathiri alipiga dungu tupu dakika nne nzima. Na heri aliwahi, maana wiki iliyofuata mto ulipanda ukalichukua dungu pamoja na nusu ya shamba.

Kanda aliipeleka kwa Abdulkarimu ikageuzwa, akarudi nayo; siku ya kuunga filamu akafika tena Mbagala, akafungua mafaili. La kwanza, Bi Mwanawetu ameketi. La pili, Bi Mwanawetu ameketi tena. La tatu, sokoni, la kanda nyingine.

"Dungu tupu liko wapi?"

"Lile? Nimekuondolea, kaka," alisema Abdulkarimu, kwa upole wa mtu anayengoja shukrani. "Dakika nne hamna hata mtu! Nikajua umesahau kuzima kamera. Mafaili yanajaza mashine, ati."

Damu ilimpanda Mudathiri kichwani. Alimwita majina yasiyoandikika. Abdulkarimu akanywea, kisha akauliza, "Kwani kanda yenyewe huna?"

Kanda alikuwa nayo. Ila kwa kuamini kwamba mafaili yako salama, alikuwa amerekodi juu yake harusi ya kule Umwe. Hapo hasira ikakosa pa kwenda, ikamrudia mwenyewe.

Waliiweka kanda wakaitazama harusi hadi mwisho, wakiomba isiwe imefika mbali ikalifuta dungu. Pilau, vigelegele, kisha chengachenga za kioo, mara dungu likatokea! Mudathiri akaruka kutoka kitini. Kisha akaona aliyekaa juu yake: Bi Mwanawetu, amekwishapanda tena, ameikazia macho kamera.

"We Mudathiri, mie nshashuka, wapiga nini pasipo mtu? Haya, nimerudi, usije ukamaliza kanda bure."

Kanda ikaishia hapo. Mudathiri akashika kichwa.

"Kipande hiki mbona ninacho," alisema Abdulkarimu, akijaribu kumliwaza. "Hiki sikukifuta. Kina mtu."